Angina Hii Si ya Koo

Mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya ugonjwa wenye watu wengi wa mukini yetu wanaubeba bila kuujua, na wenye hata jina lake linapoteza watu njia. Waganga wanauandika kwa Kifaransa "angine de poitrine", maana yake angina ya kifua. Kwetu huku, mutu akisema "niko na angine", kila mutu anawaza koo: mutoto ana homa, koo ni jekundu, hata mate hayapite. Anapewa dawa ya koo na mambo yanaishia pale. Lakini angina ya kifua si ugonjwa wa koo. Ni moyo wenyewe wenye unakosa damu.

Mimi niko mugonjwa wa angina hiyo. Niko na miaka 63, nilitumika miaka mingi ku atelye ya kampani, na sasa ni mwaka wa sita ninaishi na ugonjwa huu. Siandike kama munganga. Ninaandika kama mugonjwa mwenye aliuliza maulizo mengi, akapata majibu, na hapendi kuyafungia ku nyumba.

JINA MOJA, MAGONJWA MAWILI

Neno "angina" linatoka ku Kilatini, na ndani yake muko wazo la kukabwa. Ndiyo sababu wazungu waliliweka kwa magonjwa mawili: moja inakaba koo, ingine inakaba kifua. Mwaka wa 1768, munganga mumoja Mwingereza, William Heberden, alielezea waganga wenzake wa London juu ya watu wenye wanakamatwa na maumivu ya kifua wakati wanatembea, zaidi sana wakipanda kilima ao kisha kula. Wakisimama, maumivu yanaisha. Maelezo yake yalichapwa mwaka wa 1772, na mpaka leo waganga wanayakumbuka.

Mimi, kilima cha kanisa letu kilinifundisha jambo lile lile. Nikifika katikati, ninasikia kama mutu ameniwekea mufuko wa simenti katikati ya kifua. Uzito unapanda ku taya, unashuka ku mukono wa kushoto. Nikisimama dakika mbili, tatu, mufuko unaondoka. Nikianza tena mbio, unarudi.

Siku nilipimwa, nikaandikiwa karatasi ya dawa. Ku farmasi moja, muuzishaji alisoma neno la kwanza tu, akaenda kuleta kapsili za koo. Mama wa watoto alikuwa amesimama pembeni yangu. Akamuambia kwa upole: "Papa, soma mpaka mwisho. Kuko maneno matatu." Ndugu, kama Mungu amekupa muke mwenye anasoma karatasi mpaka mwisho, mushukuru Mungu kila asubui.

MOYO PIA UNAKULA

Tunajua moyo ni pompi yenye inatuma damu fasi yote ya mwili. Lakini wengi hatujue kwamba pompi ile pia inahitaji damu yake. Inaipata kwa mishipa midogo yenye inauzunguka moyo kwa inje. Mutu wa atelye anaelewa mbio: bomba likishika uchafu ndani, maji yanapita kidogo. Vile vile mafuta yanashika polepole ndani ya mishipa ile, miaka na miaka, na njia inakuwa ndogo. Wakati umekaa kwenye kiti, damu kidogo yenye inapita inatosha. Ukibeba mufuko wa bukari, ukipanda kilima, ukikasirika, ukitoka inje asubui ya mwezi wa 6 wakati baridi ya huku kwetu inauma, moyo unaomba damu mingi, lakini njia haiko. Hapo njo unasikia maumivu.

Wanawake, musikilize muzuri. Kwenu ugonjwa huu mara zingine hauji na mufuko wa simenti. Unakuja na kukosa pumzi, kuchoka bila sababu, kutaka kutapika. Na mutu wa ugonjwa wa sukari anaweza asisikie maumivu hata kidogo, angali moyo wake unateseka.

Kuko jambo moja lenye halingojee. Kama maumivu yanakuja wakati umekaa, ao yanapita dakika 15, ao unatoka jasho ya baridi na nguvu zinaisha, ile si angina ya kuzoea tena. Pengine mushipa umezibika kabisa na kipande cha moyo kinakufa. Usingoje kuche. Usitembee kwa miguu. Wakupeleke ku lupitalo saa ile ile. Waganga wanasema mugonjwa atafune aspirini, nusu ya kidonge cha miligramu 500, kama hana mizio ya aspirini wala kidonda cha tumbo chenye kinatoka damu. Kisha waende.

DINAMITE CHINI YA ULIMI

Sasa nielezee dawa, na hapa sisi watu wa madini tuko na sababu ya kushangaa. Mwaka wa 1847, Muitalia Ascanio Sobrero alitengeneza maji moja yenye hatari, nitrogliserini. Alionja kidogo tu, akapata maumivu makali ya kichwa. Mwaka wa 1867 Alfred Nobel wa Sweden alipata njia ya kuyachanganya na udongo fulani ili yasipasuke ovyo. Ile njo dinamite, yenye ilipasua miamba ya mashimo katika dunia nzima.

Lakini mwaka wa 1879 munganga William Murrell wa London aliandika kwamba maji yale yale, kama yanapunguzwa sana ndani ya maji mengine, yanatuliza maumivu ya angina. Ku viwanda vya dinamite pia waliona mambo. Wafanyakazi waliumwa kichwa siku ya Kwanza wakirudia kazi, kisha mwili unazoea. Na wengine wenye walishika dawa ile kwa ngozi na pumzi siku zote za kazi, siku ya Mungu, wakiwa ku nyumba, maumivu ya kifua yalikuwa yanawakamata.

Nobel mwenyewe alipozeeka aligonjwa moyo. Mwaka wa 1896, ule aliokufa, waganga walimuandikia nitrogliserini. Aliandikia rafiki yake kwamba ni kichekesho: yeye wa dinamite anaambiwa aimeze! Alisema wanaiita "trinitrine" ili watu wasiogope. Jina lile waganga wetu wa Kifaransa wanalisema mpaka leo. Na kwa miaka zaidi ya mia moja watu waliitumikisha bila kujua muzuri namna inafanya kazi. Mwaka wa 1998 wataalamu watatu Wamarekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa zawadi yenye jina la Nobel kwa sababu walionyesha kwamba gazi moja ndogo, yenye mwili wenyewe unatengeneza, njo inapanua mishipa. Nitrogliserini inatoa gazi ile. Feza ya dinamite ililipa watu wenye walielezea dawa ya dinamite.

Usiogope: kidonge hakipasuke. Lakini kiko na sheria zake, na mimi nilizijifunza hivi:

Kwanza, ukisikia maumivu, kaa chini mbele ya kuweka kidonge. Dawa hii inashusha tansio, mutu mwenye amesimama anaweza kuanguka.

Pili, kinini hiki kinawekwa chini ya ulimi, kiyeyuke pale. Kukimeza na maji ni kukipoteza.

Tatu, maumivu yasipotulia kisha dakika 5, anza safari ya lupitalo. Usihesabie kupona hapo ku nyumba.

Ine, kichwa kinaweza kuuma. Ni mishipa inafunguka. Si sumu.

Tano, chupa ya trinitrine ibakie ile yenye ilitoka nayo, ifungwe nguvu, isikae karibu na mbabula wala ku dirisha yenye jua. Joto inaua dawa hii. Angalia pia tarehe.

Sita, na hapa ninasema na wanaume bila kupinda maneno. Zile dawa za nguvu za kiume zenye wanauzisha ku barabara na ku soko, nyingi ziko na kitu kinaitwa sildenafil. Ukichanganya na trinitrine ao na dawa za namna yake, tansio inaanguka mara moja na mutu anaweza kufa ku kitanda. Ajabu ni kwamba sildenafil yenyewe, mwanzoni, ilikuwa inapimwa kwa ajili ya angina. Basi muambie munganga kweli yote. Amesikia mengi kuliko hayo, hatakucheka.

DAWA ZA KILA SIKU

Trinitrine inatuliza tu shambulio. Kuko dawa zingine zenye zinakunywiwa kila siku, hata siku yenye hausikie kitu. Siku ile ya kutosikia kitu ni kazi yao.

Aspirini ndogo, ya miligramu 75 ao 100, inazuia damu isigande ndani ya mushipa wenye umefinywa. Si ile ya kichwa yenye unameza mbili kwa wakati moja. Mutu wa kidonda cha tumbo aiseme mbele.

Kuko dawa za kupunguza mbio ya moyo, sawa bisoprololi na atenololi. Moyo unapiga polepole, unakula damu kidogo, hauombi sana. Ya kwanza ya namna hii yenye ilijulikana sana ilitoka kwa Muskoti James Black, mwenye alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1988. Mutu wa asma azitaje kwa munganga, maana zinaweza kumufunga pumzi. Na hazikatwe ghafula hata siku moja: moyo wenye ulizoea breki, ukiinyanganywa kwa mara moja, unaweza kukimbia mpaka uanguke.

Kuko amlodipini, yenye inapanua mishipa na kushusha tansio. Miguu inaweza kuvimba. Kuko pia statini, kwa mufano atorvastatini, yenye inapunguza kolesteroli, ni kusema mafuta yenye yanashika ndani ya mishipa. Mutu hasikie statini inafanya nini, kwa hiyo wengi wanaiacha. Lakini ni moja ya zile zenye zinarefusha maisha.

WAKATI FEZA HAITOSHE

Ninajua unawaza nini, ndugu musomaji. "Mambo haya yote ni ya watu wa feza." Ku nyumba yetu pia, mwezi wa 9, wakati watoto wa muzaliwa wangu wenye tunalea wanapashwa kulipa masomo, tulikaa chini na mama wa watoto na tukaweka makuta ku meza. Haikutosha kwa yote mawili. Hapana kitu kinauma mwanaume kama kuona kwamba kifua chake kinakula masomo ya mutoto.

Niliwaza kuacha dawa moja mwezi ule, kimya kimya. Mama wa watoto akasema: "Haufunge mulango mbele ya kuuliza yule mwenye aliufungua. Twende kwa munganga." Tukaenda. Nikamuuliza wazi: "Munganga, kama feza ni ya dawa moja tu, niache gani?"

Hakunikaripia. Akasema: "Muzee, vile umeuliza ni muzuri. Wengi wananyamaza, na ninawaona tena siku wanabebwa. Ile ya kupunguza mbio ya moyo usiikate. Aspirini bei yake ni ndogo, haitakushinda. Hii ingine ya tansio niliyokuandikia kwa jina la kiwanda, iko na ndugu yake wa bei ya chini, dawa ile ile, jina ingine. Tubadilishe." Akachukua kalamu, akabadilisha. Watoto walisoma, na mimi niko hapa ninaandika.

Basi shika neno hili: feza ikipunguka, sema mbele ya dawa kuisha, si kisha. Na nunua ku farmasi yenye inajulikana. Vidonge vyenye vinauzishwa ndani ya beseni, ku jua, vyenye havina karatasi wala tarehe, usiviamini. Dawa ya uongo ya malaria unaweza kuijua kisha siku mbili. Dawa ya uongo ya moyo, utaijua siku haiko tena nafasi.

MAMBO YENYE YANAITA UGONJWA HUU

Kuko mambo yenye hatuwezi kugeuza. Miaka inapanda. Wanaume wanakamatwa mapema. Wanawake, kisha kuacha kuona mwezi, wanawafuata. Na kama baba ao kaka yako aligonjwa moyo mbele ya miaka 55, ao mama ao dada yako mbele ya miaka 65, ujipime mapema. Si laana ya jamaa. Ni mwili wenye mulirizi, sawa vile mulirizi pua.

Lakini mengine yako mikononi mwetu.

Tansio. Haiume, haiseme, na inaharibu mishipa. Ikizidi 140 kwa 90 mara nyingi, tafuta munganga. Kuipima ni dakika chache. Ombeni vituo vya afya na wamama wa kanisa wapange siku moja kila mwezi kisha ibada.

Munyu. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile la OMS, linasema mutu mukubwa asipite gramu 5 kwa siku, ni kusema haifike kijiko kidogo cha chai kimejaa, na pale hesabu yote: makayabo, kapenta ya munyu, na vile vidude vya kuunga sombe. Ku nyumba yetu makayabo analala usiku ndani ya maji, maji yanamwangwa, na sombe inapata ladha kwa vitunguu na nyanya.

Tumbako. Sigara inaharibu mishipa na inafanya damu kuganda. Habari njema ni hii: mutu mwenye anaacha, kisha mwaka moja hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapunguka karibu nusu ya ile ya mutu mwenye anaendelea. Na feza ya pakiti inabakia mufukoni. Ku mwisho wa mwezi inalipa aspirini na zaidi.

Moshi. Mama mwenye anapikia ku makala ndani ya chumba kimefungwa anavuta moshi sawa muvuta sigara. Moshi wa makala unakamata fasi ya hewa ndani ya damu. Toa mbabula inje, ao fungua dirisha na mulango. Usilale nayo ndani hata baridi ikizidi.

Sukari, unene na kukaa tu. Mutu wa ugonjwa wa sukari yuko karibu sana na angina. Lutuku na pombe nyingi zinapandisha tansio. Mafuta ya ngazi ni ya kwetu na ninayapenda, lakini chungu cha sombe hakiombi nusu chupa. Na kutembea dakika 30 kwa siku, kwa mwendo wenye unaweza kuzungumuza, ni dawa bila ordonansi. Mugonjwa aulize munganga mwendo gani unamufaa.

Kukosa damu pia. Mutu mwenye malaria ao minyoo vimemupunguzia damu, moyo wake unateseka zaidi. Mara zingine kuponya damu kunapunguza angina.

KWA WACHIMBAJI NA KWA WATU WA MAOMBI

Wanaume wa shimo wanaficha ugonjwa huu. Wale wa kampani wanaogopa shefu atawatosha ku kazi. Wale wachimbaji wa mikono wanaogopa wenzao watagawanya mifuko bila wao. Ninaelewa woga ule. Nyumba inakula kwa mukono ule ule wenye unauma. Lakini mutu akikamatwa chini ya shimo, mbali na gari na munganga, anaacha wajane na yatima, na wenzake wanahatarisha maisha kumutosha. Ni heri kuomba kazi ya juu ya udongo kuliko kubebwa juu.

Wengine wanasema: "Jirani amemukamata moyo, ni bulozi." Ndugu, angina inakuja na kilima na inaenda ukipumuzika. Mulozi gani anafuata sheria za kilima? Tusivunje jamaa na majirani juu ya mushipa wenye umezibika.

Na kwa wenye wanaambiwa watupe dawa kwa sababu wameombewa: mimi ninaombewa kila juma, na ninashukuru. Luka, mwenye aliandika Injili, alikuwa munganga, na Paulo hakumukataza kazi yake. Ninakunywa kidonge changu asubui kisha maombi ya jamaa, na sioni vita kati ya vitu viwili hivi.

Basi, musomaji mupenzi, juma hili fanya mambo matatu. Pimisha tansio. Uliza baba, mama ao muzee wa nyumba yako kama kifua kinamufinya akipanda kilima, na ungoje jibu, maana jibu la kwanza litakuwa "hapana". Na kama ku nyumba kuko mutu mwenye dawa ya moyo, ujue chupa inakaa wapi, weye na watoto pia. Usiku umeme ukiwa hauko, mutu mwenye maumivu hawezi kuanza kutafuta.

Mungu awalinde, na aongeze akili kwa wenye wanatutunza. Tuonane mwezi wenye unakuja.